Joto la ghafla, kizazi na vidonge: mwongozo kamili wa tiba ya homoni kwa mwanamke wa Kigoma

Usiku wa manane unaamka kifua kimelowa jasho, uso unawaka, moyo unakwenda mbio. Dakika tatu au nne zikipita, baridi inakushika na unavuta kitenge ulichokuwa umekitupa. Kwa Kigoma, jambo la kwanza kumjia mtu kichwani ni malaria, na si kosa, maana mkoa huu una malaria nyingi. Tatizo ni pale mwanamke wa miaka 48 anapomeza dawa mseto mara nne kwa mwaka bila kipimo hata kimoja kuonyesha vimelea, na bado anaamka amelowa.

Hedhi inapokaribia kukoma, ovari hupunguza kutengeneza estrojeni, homoni kuu ya kike. Sehemu ya ubongo inayodhibiti joto la mwili huanza kudhani mwili umechemka wakati haujachemka. Mishipa ya ngozi hufunguka, jasho hutoka, kisha mwili hupoa kupita kiasi. Tiba ya homoni hurudisha sehemu ya estrojeni iliyopungua, na hakuna dawa inayoizidi kwa joto hili. Dawa hiyohiyo ikitolewa ovyo inaweza kuleta saratani ya kizazi, damu kuganda kwenye mishipa, au kiharusi. Yote mawili ni kweli. Kitakachoamua lipi likuhusu ni mambo yanayoweza kujulikana kabla ya kumeza kidonge cha kwanza: umri wako, kama kizazi kipo, presha yako, historia ya matiti na mishipa yako, na dawa nyingine unazotumia.

Hatua ya 1: Hakikisha ni ukomo wa hedhi

Weka kipimajoto kando ya kitanda. Joto la ghafla likianza, kiweke kwapani na usubiri hadi kilie. Joto la ukomo wa hedhi kwa kawaida hudumu dakika moja hadi tano, huanzia kifuani na kupanda shingoni na usoni, na kipimajoto husoma chini ya 37.5. Homa ya malaria hupanda na kukaa kwa saa kadhaa, ikiambatana na kichwa kuuma na viungo kuchoka. Lakini homa ya malaria nayo hupanda na kushuka, kwa hiyo hata kipimajoto kikisoma vizuri, nenda zahanati ukapimwe damu kwa kipimo cha haraka. Usimeze dawa ya malaria kwa kukisia.

Yapo mengine yanayofanana na ukomo wa hedhi. Kikohozi cha wiki mbili au zaidi, kukonda na jasho la usiku ni dalili za kifua kikuu, pima makohozi. Mikono kutetemeka, kukonda huku unakula vizuri, na uvimbe shingoni huelekeza kwenye tezi la shingo. Omba kipimo cha TSH, kipimo cha damu kinachoonyesha kazi ya tezi hilo. Pima VVU kama hujapima karibuni. Na kama umri wako uko chini ya miaka 50 na hedhi imepotea, pima mkojo kuona kama ni ujauzito. Wapo wanaoshika mimba wakiwa na miaka 46 kwa kudhani siku zao zimekwisha.

Ukomo wa hedhi huhesabiwa baada ya miezi 12 mfululizo bila damu, na wengi huufikia wakiwa na miaka karibu 50. Dalili huanza mapema zaidi, hedhi ikiwa bado inakuja kwa kurukaruka. Ukishapita miaka 45 na una dalili za kawaida, huhitaji kipimo cha homoni. Matokeo yake hupanda na kushuka kila wiki na hayabadilishi tiba. Aliye chini ya miaka 45 ndiye anayehitaji kipimo cha FSH, homoni ya damuni inayopanda ovari zinapochoka, na ni vizuri kirudiwe baada ya wiki 4 hadi 6. Anayetumia sindano ya miezi mitatu au kipandikizi asihesabu kupotea kwa hedhi kama ukomo, kwa sababu njia hizo huzuia damu zenyewe.

Kisha nunua daftari dogo. Kwa wiki nne, kila jioni andika mambo manne: joto la ghafla limekuja mara ngapi, umeamka mara ngapi usiku, kama umeona damu, na lipi lililokusumbua kuliko yote siku hiyo. Daktari anayeona "mara 11 kwa siku, nimeamka mara 4" anaamua tofauti na anayesikia tu "nasikia joto". Daftari hilo ndilo litakalokuonyesha baada ya miezi mitatu kama dawa inafanya kazi. Bila hilo utakuwa unakisia, na daktari naye anakisia.

Hatua ya 2: Je, kizazi kipo?

Katika mwongozo huu wote, hili ndilo swali kubwa kuliko mengine. Estrojeni hukuza ukuta wa ndani wa kizazi. Mwanamke mwenye kizazi akipewa estrojeni peke yake kwa miezi na miaka, ukuta ule huendelea kunenepa bila kumwagika, na kwa baadhi hugeuka saratani. Kinga yake ni kuongeza homoni ya pili, projesteroni au projestini (dawa iliyotengenezwa kufanya kazi kama projesteroni), ambayo huuzuia ukuta usinenepe. Aliyetolewa kizazi chote hahitaji homoni ya pili, na kwa kutoihitaji anaepuka sehemu kubwa ya hatari upande wa matiti.

Shida ni kwamba wanawake wengi waliofanyiwa upasuaji hawajui kilichotolewa. Mmoja aliambiwa "tumetoa uvimbe", na kizazi kikabaki. Mwingine alifungwa mirija. Mwingine kizazi kilipasuka wakati wa kujifungua, kikatolewa, ovari zikaachwa. Huyu haoni hedhi tena lakini ovari zake huendelea kufanya kazi kwa miaka, na ukomo wake atautambua kwa dalili tu. Kovu la tumbo halisemi lolote. Tafuta karatasi ya kuruhusiwa hospitali. Kama imepotea, piga ultrasaundi ya nyonga uulize maswali mawili: kizazi kipo? ovari zipo?

Ultrasaundi hiyohiyo itaonyesha kama una uvimbe wa kizazi, ambao wanawake wengi Waafrika wanao. Uvimbe haukuzuii kutumia homoni, ila unaweza kukua tena, kwa hiyo ukubwa wake uandikwe kabla ya kuanza ili baadaye kuwe na cha kulinganisha.

Hapa kuna kosa linalojirudia kuhusu kitanzi. Kitanzi cha shaba, kile kinachotolewa zaidi kwenye kliniki za uzazi wa mpango, hakina homoni na hakikingi ukuta wa kizazi dhidi ya estrojeni. Kinachokinga ni kitanzi chenye levonorgestreli (aina ya projestini) miligramu 52, na kwa kazi hii hubadilishwa kila baada ya miaka 5. Kipandikizi cha mkononi hakijathibitishwa kwa kinga hiyo. Usiseme tu "nina kitanzi", sema ni cha aina gani.

Hatua ya 3: Wasiopaswa kuanza, na wanaopaswa kusubiri

Usitumie homoni za kumeza, kubandika au kupaka mwilini kama umewahi kuugua saratani ya matiti au ya kizazi, kiharusi, shambulio la moyo, au damu kuganda mguuni au mapafuni. Au kama una ugonjwa wa ini unaoendelea. Katika baadhi ya hali hizi bingwa anaweza kuona njia nyingine, lakini uamuzi huo ni wake na haufanyiki dirishani kwa muuza dawa.

Damu ukeni baada ya hedhi kukoma, hata tone moja kwenye nguo, isimamishe kila kitu. Kabla ya neno "homoni" kutajwa, shingo ya kizazi iangaliwe na ukuta wa kizazi upimwe kwa ultrasaundi. Ukifika milimita 4 au 5 na kuendelea, kipande kidogo hukatwa kikapimwe. Saratani ya shingo ya kizazi ndiyo inayoongoza kwa wanawake Tanzania, na uchunguzi wake wa kupaka siki huchukua dakika chache. Kumpa homoni mwanamke anayetoka damu isiyojulikana chanzo ni kuifunika dalili na kupoteza miezi ambayo ingemwokoa.

Presha ipimwe siku mbili tofauti, ukiwa umekaa na kutulia dakika tano. Ikiwa 140/90 au zaidi, itibiwe kwanza. Wenye kisukari, unene mkubwa, kipandauso kinachotanguliwa na vimulimuli machoni, au mafuta mengi kwenye damu wanaweza kutumia homoni, ila wapitie ngozi badala ya tumbo. Sababu iko Hatua ya 5.

Sasa dawa nyingine unazotumia, jambo linalosahaulika mno. Rifampisini ya kifua kikuu huliamsha ini kuvunja estrojeni haraka, na vivyo hivyo efavirenzi ya VVU, karbamazepini, fenitoini na fenobarbitoni za kifafa. Mwanamke humeza kidonge kila siku na joto haliondoki. Anaongezewa dozi, au anaambiwa ana wasiwasi. Kosa liko kwenye mgongano wa dawa. Dolutegraviri, iliyo kwenye kidonge kimoja cha siku cha wengi wanaotumia ARV, haina tatizo hilo. Aliye kwenye dozi ya kifua kikuu ni bora amalize miezi yake kwanza. Anayetumia levothairoksini ya tezi arudie TSH wiki 6 hadi 12 baada ya kuanza estrojeni ya kumeza, huenda dozi yake ikahitaji kupanda.

Hatua ya 4: Pima faida na hatari kwa hesabu

Hofu kubwa ya dawa hizi ilianza Julai 2002, Marekani, matokeo ya utafiti uitwao Women's Health Initiative yalipotangazwa. Wanawake 16,608 wenye kizazi walipewa ama kidonge cha estrojeni pamoja na projestini, ama kidonge kisicho na dawa. Utafiti ulisimamishwa baada ya wastani wa miaka 5.2. Chukua wanawake 10,000 wanaotumia dawa kwa mwaka mmoja, uwalinganishe na 10,000 wasiotumia: saratani ya matiti ilizidi kwa watu 8, ugonjwa wa moyo kwa 7, kiharusi kwa 8, damu kuganda mapafuni kwa 8. Kwa upande wa pili, waliovunjika nyonga walipungua kwa 5, na saratani ya utumbo mpana ilipungua kwa 6.

Soma namba hizo taratibu. Watu 8 kati ya 10,000 ni chini ya mmoja kati ya 1,000 kwa mwaka. Si sifuri, na huongezeka kadiri miaka ya kutumia inavyoongezeka, lakini haifanani na picha iliyoko mitaani kwamba "homoni ni saratani". Tena wanawake wale walikuwa na wastani wa miaka 63. Wengi walikuwa wamekoma hedhi miaka kumi au zaidi kabla, na mishipa ya wengine ilikuwa imeshaanza kuchakaa. Wale waliotolewa kizazi na kupewa estrojeni peke yake hawakuongezeka saratani ya matiti, ingawa kiharusi kiliongezeka.

Kutokana na uchambuzi uliofuata, kanuni ya leo ni hii: mwenye dalili zinazomsumbua, aliye chini ya miaka 60 au ndani ya miaka 10 tangu hedhi ikome, asiye na vizuizi vya Hatua ya 3, kwa kawaida faida huzidi hatari. Anayetaka kuanza kwa mara ya kwanza akiwa na miaka 65 ili alinde kumbukumbu au moyo asianze. Katika umri huo dawa haikingi vitu hivyo, na inaweza kuvidhuru.

Faida yenyewe ni hii: idadi ya joto la ghafla hupungua kwa takriban robo tatu, usingizi hurudi, uke haukauki, na mifupa haiishi haraka. Si jambo dogo kwa mwanamke anayesimama kutwa nzima kwenye mwalo wa Kibirizi akianika au kubanika samaki, jua juu na moto chini, huku mwili wenyewe unawaka kwa ndani. Wala dalili haziishi upesi kama inavyodhaniwa. Utafiti wa Marekani uitwao SWAN ulikuta joto la ghafla hudumu miaka 7.4 kwa mwanamke wa katikati (nusu ya wanawake hupita hapo), na kwa Wamarekani weusi miaka 10.1.

Kundi moja linapaswa kusimama peke yake. Aliyekoma hedhi kabla ya miaka 40, au aliyetolewa ovari zote mbili kabla ya miaka 45, hahesabiwi kwa namba za hapo juu. Yeye amepoteza homoni ambayo wenzake bado wanayo, na asipotibiwa mifupa na moyo wake huumia mapema. Kama hana kizuizi, anashauriwa kutumia homoni hadi umri wa kawaida wa ukomo, miaka 50 au 51, hata kama hana joto lolote. Hao ndio tunaowaona wakinyimwa dawa kwa hofu ya saratani isiyowahusu, na inasikitisha, kwa sababu anayekuja na nyonga iliyovunjika akiwa na miaka 58 hakuna anayekumbuka ovari zilizotolewa akiwa na miaka 36.

Hatua ya 5: Njia na dozi

Estrojeni ya kumeza hupita kwenye ini kabla ya kufika kwingine, na ini huitikia kwa kutengeneza zaidi vitu vinavyogandisha damu. Hapo ndipo hatari ya kuganda damu inapotoka, na ni kubwa zaidi katika mwaka wa kwanza. Estrojeni ya kibandiko au jeli huingia damuni moja kwa moja kupitia ngozi, na tafiti za kuwafuatilia wanawake hazijaona ongezeko hilo kwa dozi za kawaida. Kama ungekuwa na uhuru wa kuchagua bila kujali bei na upatikanaji, ngozi ingekuwa chaguo la kwanza kwa karibu kila mtu.

Anza chini, panda polepole:

Estradioli (aina ya estrojeni) ya kumeza, miligramu 1 kwa siku. Wengine hutosheka na 0.5, wachache hufika 2. Kibandiko cha mikrogramu 25 hadi 50 kwa siku, kinachobadilishwa mara mbili kwa wiki. Jeli kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa, mara nyingi kati ya miligramu 0.75 na 1.5 za estradioli kwa siku.

Mwenye kizazi huongeza mojawapo ya hizi: projesteroni asilia miligramu 100 kila usiku, au 200 kwa siku 12 hadi 14 za kila mwezi, au medroksiprojesteroni (projestini) miligramu 2.5 hadi 5 kila siku, au 10 kwa siku 12 hadi 14. Au kile kitanzi chenye homoni. Projesteroni asilia huleta usingizi, kwa hiyo imezwe ukienda kulala. Aina fulani za vidonge hivyo laini zina mafuta ya karanga ndani; mwenye mzio wa karanga asome karatasi ya dawa kabla ya kumeza.

Mpangilio wa siku 12 hadi 14 huleta damu kila mwezi, kama hedhi. Unafaa aliye bado kwenye kipindi cha kurukaruka. Wa kila siku hauleti damu ya mwezi, na unafaa aliyepitisha mwaka bila hedhi. Zungumza hili mapema na mumeo, na kama unafunga Ramadhani lizungumze mapema zaidi: mama wa Ujiji aliyezoea miaka miwili ya kusali na kufunga bila kukatisha hatafurahi kuona damu kila mwezi bila kuambiwa kwamba ingekuja. Wakati wa mfungo, kidonge kihamie saa ya futari na kibaki hapo kila siku.

Vidonge vya majira havifai kuwa badala. Vingi vina ethinilestradioli, estrojeni yenye nguvu kubwa kwa ini kuliko estradioli ya tiba hii, na kwa mwanamke wa miaka 52 mwenye presha ni njia fupi ya kiharusi. Kinyume chake pia ni kweli: tiba ya homoni haizuii mimba. Endelea na uzazi wa mpango mwaka mmoja baada ya hedhi ya mwisho kama umepita miaka 50, miaka miwili kama hujafika.

Tatizo likiwa ukavu wa uke, maumivu wakati wa tendo au UTI (maambukizi ya njia ya mkojo) inayorudirudi, bila joto, huhitaji dawa ya mwili mzima. Krimu ya estrioli (aina nyingine ya estrojeni), miligramu 0.5 ukeni kila usiku kwa wiki mbili, kisha mara mbili kwa wiki, hufanya kazi pale inapowekwa na kidogo sana huingia damuni. Haihitaji projesteroni hata kama kizazi kipo.

Hatua ya 6: Kuipata na kuitunza

Anzia zahanati au kituo cha afya cha karibu kwa presha, malaria, VVU na uchunguzi wa siki. Kutoka hapo omba rufaa kwenda kwa daktari wa magonjwa ya wanawake. Kwa mkoa huu ni Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Maweni, na likizidi uwezo ni Bugando, Mwanza. Beba daftari, karatasi ya upasuaji, na dawa zako zote kwenye mfuko mmoja.

Usitarajie kuzikuta kwenye duka la dawa muhimu. Ni dawa za cheti, za famasi, na mara nyingi huagizwa kutoka miji mikubwa. Kabla ya kuanza, uliza kama famasi inaweza kukuletea kila mwezi bila kukatika, na uulizie bima yako. Dawa inayopatikana miezi miwili na kukosekana wa tatu itakuletea damu za ovyo, na kila damu ya ovyo itahitaji uchunguzi. Ni afadhali kidonge cha kawaida kinachopatikana mwaka mzima kuliko kibandiko kizuri kinachopatikana kwa bahati.

Angalia jina la kiambato, tarehe ya mwisho, na kama kifurushi hakijafunguliwa. Achana na sindano za "homoni" zisizo na jina, na dawa za kuongeza makalio. Hujui kilichomo wala kipimo chake. Hifadhi dawa chini ya nyuzijoto 30, au 25 kama pakiti inasema hivyo. Nyumba ya bati mchana hupita hapo kwa urahisi, kwa hiyo weka kwenye chumba chenye hewa, karibu na sakafu, mbali na dirisha na jiko.

Hatua ya 7: Kutumia, na yanayoharibika

Kibandiko hubandikwa chini ya kiuno, kwenye tako au paja la juu, kamwe si kwenye titi. Ngozi iwe safi na kavu kabisa, na hapa Kigoma ndipo wengi wanapokosea: ngozi iliyopakwa mafuta ya mise (ya kokwa za mchikichi) asubuhi haishiki kibandiko jioni. Osha sehemu hiyo kwa sabuni, futa, subiri dakika kumi, bandika, kisha gandamiza kwa kiganja sekunde kumi ukipitia kingo zote. Chagua siku mbili, kwa mfano Jumatatu na Alhamisi, na ubadilishe upande kila mara. Kikidondoka, weka kipya na uendelee na siku zako zilezile. Jeli ipakwe mkononi au pajani, ikauke dakika tano, na mtoto au mume asiguse sehemu hiyo kwa saa moja. Usioge wala kuogelea ziwani ndani ya saa hiyo.

Ukisahau kidonge na hazijapita saa 12, kimeze. Zikipita, acha hicho na uendelee na cha siku inayofuata. Usimeze viwili.

Matiti kuuma, kichefuchefu na tumbo kujaa huja wiki za mwanzo na mara nyingi huisha kabla ya miezi mitatu. Visipoisha, kwa kawaida dozi ni kubwa au projestini haikufai. Badilisha kabla ya kutupa dawa yote. Matone ya damu kwenye mpangilio wa kila siku ni kawaida miezi mitatu hadi sita ya kwanza. Damu inayoendelea baada ya miezi sita, au inayoanza upya baada ya kukauka, ikachunguzwe.

Joto likibaki vilevile baada ya wiki nane, uliza kwa utaratibu huu: inatumiwa kila siku? kibandiko kinashika? ipo dawa ya Hatua ya 3 inayoivunja? utambuzi ulikuwa sahihi? Dozi ipande mwishoni, baada ya majibu hayo.

Haya yakitokea, acha dawa na uende hospitali siku hiyohiyo, pakiti ikiwa mkononi: mguu mmoja kuvimba na kuuma, kifua kubana au pumzi kukatika ghafla, mdomo kupinda, mkono kulegea au ulimi kuwa mzito, kichwa kuuma kuliko ulivyowahi kuumwa au macho kufifia, macho kuwa ya njano. Uvimbe kwenye titi nao usingoje kliniki ya mwezi ujao.

Treni ya kutoka Kigoma kupitia Tabora hadi Dar es Salaam ni safari ndefu ya kukaa, na basi si tofauti. Anayemeza estrojeni anywe maji, asimame na kutembea kila baada ya saa moja au mbili, na akiwa amekaa azungushe vifundo vya miguu. Kabla ya upasuaji mkubwa mwambie daktari wiki nne mapema kwamba unatumia homoni.

Rudi baada ya miezi mitatu na daftari jipya la wiki nne, kisha kila mwaka: presha, uzito, matiti, swali la damu, na swali la kama bado unaihitaji. Homoni haziondoi wajibu wa mifupa: dagaa wakavu wanaoliwa na miiba yao, maziwa, jua, na kazi ya kutembea na kubeba uzito wa wastani.

Asiyeweza homoni

Zipo dawa nyingine, hafifu kidogo lakini zinasaidia. Gabapentini miligramu 300 usiku, ikipanda hadi 900 kwa siku, humfaa anayeteswa zaidi na jasho la usiku. Venlafaksini, miligramu 37.5 hadi 75, hupunguza joto la mchana. Anayetumia tamoksifeni kwa saratani ya matiti asipewe paroksetini wala fluoksetini, zinaidhoofisha tamoksifeni. Kupunguza pombe, chai ya moto na pilipili, kulala na khanga nyepesi na kupunguza uzito husaidia kwa kiasi.

Kwa wanaume

Testosteroni hurudishwa kwa mwanaume mwenye dalili ambaye vipimo viwili vya asubuhi, siku tofauti, vimeonyesha upungufu. Uchovu peke yake hautoshi. Dawa hiyo huzima utengenezaji wa mbegu, kwa hiyo anayetaka mtoto asiiguse. Huongeza wingi wa chembe nyekundu, na hematokriti (sehemu ya damu iliyo chembe nyekundu) ikipita asilimia 54 dawa husimamishwa. Tezi dume iangaliwe kabla na wakati wa tiba.

Hatua ya 8: Kuacha

Hakuna tarehe moja kwa wote. Kila mwaka, baada ya miaka miwili au mitatu ya utulivu, jaribu kushusha: kutoka miligramu 1 hadi 0.5 kwa miezi miwili au mitatu, kisha acha. Mwenye kizazi asikatize projesteroni huku estrojeni inaendelea. Hizo mbili huacha pamoja. Joto likirudi, lipe wiki chache, kwani mara nyingine hutulia lenyewe. Likikataa, rudi kwenye dozi ndogo kabisa iliyokuwa inatosha na ujaribu tena mwaka unaofuata. Ukavu wa uke wenyewe hauishi kwa umri kama joto linavyoisha. Anayeacha vidonge anaweza kubaki na krimu yake ya mara mbili kwa wiki kwa miaka mingi, ilimradi damu yoyote itakayoonekana ichunguzwe.